Mita Mia Tatu na Arubaini

Waya umefika msikitini, ukakoma.
Pale kwenye kisanduku cha kijani
ndipo dunia yenye kasi inapoishia.
Kutoka pale hadi mlangoni kwetu
ni mita mia tatu na arubaini.
Nimezipima kwa kamba ya mbuzi, mara mbili,
maana mara ya kwanza kampuni hawakuniamini.

"Eneo lako bado halijafikiwa," husema binti wa simu,
sauti laini kama halua ya moto,
"jaribu tena baada ya miezi sita."
Nimejaribu.
Mitende imezaa na kuvunwa mara mbili.

Saa kumi jioni nina darasa.
Watoto saba, wengine Maskati, wengine Barka,
bibi zao walizaliwa Pemba na Bujumbura,
wao Kiswahili wanakijua kwa matusi na mapishi.
Napanda darini na kompyuta na mwavuli,
naegemeza simu kwenye tangi,
pembe ya kaskazini, mlima ulipopasuka kidogo
na mawimbi hupenya kama mwizi.
"Semeni: ng'ombe."
Nao huuona mdomo wangu umeachama, umeganda,
ng', ng',
na Raiyani mdogo hucheka: mwalimu kakwamwa na mfupa!
Ng'ombe hufika baada ya dakika nzima,
peke yake, hana sentensi.

Mwezi wa Rajabu alikuja fundi,
Sajishi, kijana wa Kerala, kofia ya plastiki kichwani.
Akala tende, akapima, akafurahi.
"Kuchimba siku mbili tu. Lakini hapa..."
akaonyesha kwa ncha ya kiatu.
Falaji.
Waya hauna budi kupita chini ya falaji,
na falaji ina wakili wake, si wa mahakamani,
wa maji,
na wakili huyo, Mungu anisamehe, ni baba yangu.

Mzee Muhanna hakupandisha sauti.
"Maji haya yametembea maili tatu ndani ya mwamba.
Waliochimba kule mbele walikuwa watoto,
watu wazima hawakuenea.
Leo nimtie mashine ubavuni?
Ikipata ufa, nitawajibu nini wenye zamu?"
Sajishi akakunja futi yake,
akachukua tende nyingine, ya njiani.

Sikumsemesha baba siku nne.
Ya tano ilikuwa zamu yetu, nusu saa kabla ya alfajiri.
Nilimshikia tochi, akazibua kwa jiwe na kitambaa,
maji yakageukia shambani kwetu bila kelele.
Akauliza, mkono ungali ndani:
"Hiyo kasi yako, inagawiwaje?"
Nikasema, anayelipa zaidi hupata zaidi.
"Na wa mwisho wa mfereji?"
Sikuwa na jibu. Mimi ndiye wa mwisho wa mfereji.

Ijumaa akapanda darini mwenyewe,
goti lake bovu, ngazi ishirini na mbili,
kumtazama dada yake Shinuna, aliyelazwa Wete.
Uso ukaja, ukajaa, ukaganda,
jicho moja limefumba.
Nilitaka kukata nipige upya, akanizuia.
Akaendelea kuzungumza na ile picha,
habari za mvua, za ndimu, za nani kaoa,
taratibu, kama mtu anayemwagia mche.
Hatukujua kilichofika.

Alipokuwa akishuka alisimama ngazi ya tisa.
"Chini sitaki," alisema. "Juu je?"

Nimewapigia. Juu inahitaji nguzo,
nguzo inahitaji kibali, kibali kiko idara nyingine,
na idara hiyo maombi hupokea
kwa njia ya mtandao tu.

Kamba bado iko darini, nimeifunga mafundo kila mita kumi,
wakija tena wasinibishie.
Mbuzi anazurura. Jana kala daftari
la ngeli ya pili.